Aliyekuna Mzizi Ijumaa Kuu

Olszanka, 3 Novemba 1986

Mama Mdogo Felicja mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Sisi huku hatujambo kiasi. Babu anakusalimu, ingawa hakusema hivyo. Nilipomwambia nakuandikia, aliinua uso kutoka kwenye supu akasema, "Mwambie kuni mwaka huu zimekauka vizuri." Nimeihesabu kuwa salamu. Ng'ombe tumemwuza, kwa sababu mimi nakamua vibaya na mikono ya Babu inatetemeka. Shule nilimaliza mwezi wa Juni. Walimu walitaka niende mjini kusomea uuguzi, lakini Bibi alikuwa ameanza kuugua, nikabaki. Sasa Bibi hayupo na mimi bado nimebaki.

Asante kwa shada la maua ulilotuma kwa maziko yake. Watu waliniuliza mbona wewe mwenyewe hukuja. Niliwaonyesha shada kwa kidole, maana mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito hata nikiwa na la kusema. Anwani yako nimeipata ndani ya kopo la chai la Bibi. Uso wako siukumbuki, kwa hiyo nisamehe nikiandika kama ninayemwandikia mgeni.

Nina maombi mawili. La kwanza ni jepesi. Babu anasema Pasaka bila chrzan, ule mzizi mkali wa kukunwa, ni siku ya kawaida yenye mayai, na mimi sijui kuitengeneza. Unajua sheria ya Bibi: mzizi ule haukunwi siku nyingine yoyote ila Ijumaa Kuu, nje, kwenye benchi la nyuma ya nyumba. Kila mwaka siku hiyo alinipeleka kanisani nikalinde Kaburi la Bwana linalopambwa humo, pamoja na watoto wengine mpaka amalize. Basi nimefika miaka kumi na minane nikijua kuila tu.

La pili ni gumu. Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda na Babu kuosha makaburi na kuwasha mishumaa. Kwenye kaburi la mama nilikwangua kuvu jiwe lote, nikaona tarehe nzima kwa mara ya kwanza: 29 Machi 1972. Mwaka na mwezi nilikuwa nikiijua, siku sikuwahi kuifikiria. Nyuma ya kitabu cha sala cha Babu kuna orodha ya tarehe za Pasaka. Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 2 Aprili. Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Mama alikufa Jumatano.

Mama Mdogo, nina kumbukumbu moja tu ya mama. Nyingine zote ni za kuambiwa. Amekaa kwenye benchi la nyuma, kichwani amefunga kitambaa cha kijani, anakuna mzizi juu ya bakuli na machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Namwuliza, "Mama, mbona unalia?" Anasema, "Ni mzizi tu, mwanangu." Kisha ananifuta pua kwa pindo la aproni. Harufu ile inapanda kichwani kama sindano. Hapo inakatika.

Jumatano alikufa. Mzizi hukunwa Ijumaa. Nilimwona nani?

Wako,
Bogna


Gdynia, 30 Novemba 1986

Bogna mpendwa,

Milele amina. Barua yako ilifika siku nyingi. Nisamehe, huku kazi ni nyingi. Napika katika kantini ya bandarini na mwezi huu wenzangu wawili wanaumwa. Bahari imechafuka wiki nzima, madirisha yana chumvi. Mimi ni mzima. Nimefurahi kwamba kuni zimekauka.

Kuhusu chrzan. Ngoja baridi igandishe udongo mara mbili tatu, majani yalale yenyewe. Chimba kwa uma wa shamba. Ukitumia jembe utaikata mizizi vipande, na kila kipande kitaota, utakuwa na chrzan mpaka kizingitini. Chukua minyoofu, unene wa kidole gumba. Ile minene kama mkono wa mtu iache, ndani ni kuni tupu. Usimalize yote. Kichwa cha mzizi na kipande kama urefu wa kidole kirudishe ardhini, Mama, yaani Bibi yako, alifanya hivyo kila mwaka. Usiioshe. Izike kwenye sanduku la mchanga wenye unyevu kidogo, chumba cha chini, mbali na viazi.

Hilo lingine siwezi kukusaidia. Siku zile sikuwapo nyumbani. Ulikuwa hujatimiza miaka minne, na watoto huchanganya siku na watu. Usijichoshe nalo.

Msalimie Baba. Mwambie huku kuni hatutumii.

Felicja


Olszanka, 14 Desemba 1986

Mama Mdogo Felicja mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natuma pamoja na barua hii kipande cha mkate mwembamba wa Noeli uliobarikiwa na padre. Babu amevunja kona moja akala, kwa hiyo umekwisha kushiriki naye, apende asipende.

Mizizi nimeichimba. Udongo ulikuwa na ganda la barafu juu, chini laini. Nilikuwa nachimba polepole nisiikate, Babu ameegemea ukuta akinitazama. Akasema, "We binti, unaogopa kumwamsha nani?" Nilicheka, kisha sikucheka. Nimepata kumi na minne. Vichwa nimevirudisha ardhini kama ulivyosema.

Nimefikiri sana uliyoandika, kwamba watoto huchanganya. Sitaki kubishana na mkubwa wangu. Lakini siku haiwezi kuchanganyika, kwa kuwa mzizi hukunwa siku moja tu. Na mwaka nao hauwezi, kwa sababu Pasaka ya kabla ya hapo tulikuwa bado Kielce kwa baba. Mama alinileta huku kiangazi cha 1971, baada ya kuachana naye. Kwa hiyo Ijumaa Kuu niliyoiona ni ile, hakuna nyingine.

Tena si mimi peke yangu. Jirani yetu Mama Czesława alikuja kuazima ungo. Nilikusanya ujasiri nikamwuliza kama anamkumbuka mama. Akafunga mlango aliokuwa ameuacha wazi. Akasema, "Mtoto, umeuliza wewe, mimi sikuanza." Ijumaa Kuu ile alipita kando ya uzio wetu akielekea kanisani. Habari ya msiba alikuwa ameshaipata, kwa sababu telegramu kutoka hospitali ya mjini ilifika kwa padre Alhamisi jioni. Akatazama upande wa nyumba yetu, akamwona Sabina, yaani mama, amekaa kwenye benchi na kitambaa chake cha kijani, anakuna chrzan.

"Nilifanya ishara ya msalaba nikakimbia," akasema, "na magoti haya, nikakimbia! Mpaka leo sijamwambia mtu ila marehemu mume wangu, na yeye alisema nimekunywa."

Nikamwuliza, "Kwa nini arudi kukuna mzizi?"

"Kwa sababu hakujua. Telegramu ilifika kengele zikiwa zimeshafungwa, si unajua Alhamisi Kuu hunyamaza mpaka Pasaka. Hakupigiwa kengele ya msiba. Sasa mtu asipopigiwa kengele atajuaje amekufa? Aliamka tu akaenda kwenye kazi zake."

Ameniambia kila mwaka anamwombea misa. Tangu siku hiyo sipiti nyuma ya nyumba kukiwa na ukungu. Sijui kama naogopa kumwona au naogopa nisimwone.

Bibi aliwahi kukuambia chochote?

Krismasi njema,
Bogna


Gdynia, 25 Januari 1987

Bogna mpendwa,

Asante kwa mkate wa Noeli. Niliula peke yangu kando ya dirisha. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Baba. Theluji imeziba reli, ndiyo maana barua zinachelewa. Sijaugua.

Usiwaulize watu mambo ya zamani. Czesława tangu usichana wake huona anayotaka kuona.

Pasaka mwaka huu ni Aprili 19, una muda. Siku yenyewe toa mizizi asubuhi, ioshe, imenye kama karoti, iloweke kwenye maji baridi saa moja. Tumia kikunio cha bati chenye matundu madogo, kile cha Mama, si cha jibini. Jifunge kichwa, mvuke wake unaingia hata kwenye nywele. Siki iwe karibu na mkono wako. Siki ndiyo inayounyamazisha mzizi. Ukiitia mara tu unapokuna, chrzan inakuwa ya upole, mzee na mtoto wataila. Ukingoja dakika chache ndipo utie, itawaka. Mama siku zote alitia mapema. Halafu sukari kidogo, chumvi, na nusu yake uchanganye na bitiruti.

Kaa upande wa kushoto wa benchi, ule mguu wa kulia unashikiliwa na tofali. Upepo uje mgongoni mwako. Na mtoto akiwa karibu mfukuze, mvuke ule hauchagui. Wewe ulikuwa mkaidi, ulikaa palepale chini na bakuli lako la maganda ya vitunguu ya kupakia mayai rangi, ukapiga chafya mara saba na hukuondoka.

Jifunike vizuri, baridi ni kali.

Felicja


Olszanka, 8 Februari 1987

Mama Mdogo Felicja,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni wazima. Babu ana kikohozi, nampa asali na vitunguu.

Barua yako nimeisoma hadi mkunjo unataka kukatika. Sikukuandikia habari ya maganda ya vitunguu. Sikukuandikia kwamba nilikuwa nimekaa chini, wala chafya. Hayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau, na niliposoma niliyaona: bakuli la bluu lenye ufa.

Kila mwaka, tangu nikiwa na miaka minne na kitu, Bibi alinipeleka kanisani siku ya mzizi. Nimekaa chini ya benchi lile mzizi ukikunwa mara moja tu maishani mwangu. Nawe ulisema hukuwapo.

Nakuomba, usiniandikie tena juu ya theluji. Naomba uniambie.

Bogna


Olszanka, 15 Machi 1987

Mama Mdogo,

Tumsifu Yesu Kristo. Wiki tano zimepita. Labda reli bado imezibwa.

Jumanne niliporudi kutoka dukani nyumba nzima ilinuka chrzan. Mlango umefungwa, Babu yuko kwa fundi viatu, kikunio kiko kwenye msumari wake. Nilisimama jikoni na koti langu, machozi yakanitoka kabla sijajua kama ni harufu au ni woga. Nilishuka chumba cha chini. Sanduku la mchanga lilikuwa limefunikwa kama nilivyoliacha. Nikafunua. Mizizi imechipua humo gizani, machipukizi meupe kama vidole vya mtu mgonjwa, na yote yameinama upande wa mlango.

Nilimwambia Babu. Alisema, "Inajua ni mwezi gani hata bila kalenda." Ndipo nikamwuliza wazi, Babu, Ijumaa Kuu ile nani alikuwa kwenye benchi? Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema, "Mimi nilikuwa mjini nangojea jeneza. Mwulize mwenye kitambaa."

Nimetafuta kitambaa cha kijani nyumba nzima, mpaka ndani ya godoro la Bibi. Hakipo.

Bogna


Gdynia, 5 Aprili 1987

Bogna mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Wewe na Baba hamjambo? Kikohozi chake kimepoa? Nauliza, kisha nasema, maana wiki nane nimekuwa nikianza barua hii na kuishia kwenye hali ya hewa.

Hukumwona mzuka. Ulikuwa unaniona mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karibu sawa na wewe sasa. Sabina alipelekwa mjini Jumapili ya Matawi, mapafu yamejaa maji. Alipoondoka aliacha kitambaa chake kwenye msumari wa mlangoni, kwa sababu walimfunga shali la sufu. Telegramu ilipofika Alhamisi, Baba alitoka usiku uleule kwa mkokoteni wa farasi wa kukodi. Mama hakulia. Alisema, "Mtoto asijue mpaka Pasaka ipite. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukalishwa na kifo siku zote hizi bila mazishi. Kazi zifanyike kama kawaida." Mazishi hayakuwezekana kabla ya Jumanne, na kengele zilikuwa zimefungwa, basi hata kijiji kilimsaidia kukuficha.

Mimi sikuweza kujizuia. Kila nilipokutazama nililia. Ijumaa Mama akanitia kikunio mkononi. "Nenda benchini ukakune. Huko lia utakavyo, mtoto akikuuliza, mwambie ni mzizi." Nilikuna yote, mizizi ya mwaka mzima. Siki sikutia. Nilitaka iwe mikali kadiri inavyoweza, ili machozi yangu yapate pa kusingizia. Kichwani nilijifunga kitambaa cha Sabina. Wengine walidhani nilifanya makusudi. Nilikichukua kwa kuwa kilikuwa bado kinanuka nywele zake.

Wewe ulikuwa ukiniita Fela, siku zote. Ulikuja na bakuli lako ukakaa chini. Ukapiga chafya zako. Kisha ukainua macho ukasema, "Mama, mbona unalia?"

Ningeweza kusema, mimi ni Fela. Ni neno moja. Lakini uso wako uliangaza, Bogna, ulikuwa na siku tano hujamwona. Nikasema, "Ni mzizi tu, mwanangu." Nikakufuta pua. Ukacheka, ukarudi kwenye maganda yako umeridhika.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia.

Jumanne kwenye mazishi ulikataa. Uliwaambia watu kwa sauti, wewe uliyekuwa huongei mbele ya watu, "Mama hayumo humo. Mama alikuwa anakuna chrzan, alinipangusa pua." Wanawake walijishika vifua. Czesława alizimia. Halafu kila asubuhi ulikwenda kukaa kwenye benchi kumngojea. Aprili yote. Kila nikipita uliruka, kisha ukaniona vizuri ukaketi tena. Mama aliliona hilo mwezi mzima. Akaniambia, "Umemvalia mtoto sura ya marehemu. Ukiendelea kuwapo hapa hatamzika mama yake. Ondoka. Utarudi siku atakapokuita kwa jina lako mwenyewe." Hakunipigia kelele. Alinifungia mkate na mayai ya njiani. Kijiji akakiacha kiamini mzuka, ilikuwa heshima zaidi kuliko ukweli.

Barua yako ya kwanza ilipofika nikaona jina langu limeandikwa kwa mwandiko wako. Nilikaa na bahasha siku nzima bila kuifungua. Kisha nikasoma, nikajua kwamba hujui unamwita nani.

Hapa kantini samaki huliwa na chrzan ya chupa. Miaka kumi na mitano naomba nipangiwe kazi nyingine siku ya samaki.

Nakutumia kitambaa. Ni chako. Nyumbani sitakuja. Ulikuwa na kumbukumbu moja ya mama yako na mimi nimekunyang'anya hata hiyo. Mtu afanyaye hivyo mara mbili haketi meza moja na mwenye mali.

Nisamehe, kama inawezekana.

Felicja


Olszanka, Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1987

Mama Mdogo mpendwa,

Kristo amefufuka. Babu hajambo, kikohozi kimeondoka chenyewe. Naandika nikiwa na nywele mbichi, kwa sababu vijana wa hapa wamenimwagia maji tangu asubuhi kama desturi ilivyo, ndoo mbili, na Babu aliwafungulia mlango kwa furaha.

Barua yako na kifurushi vilifika Jumatatu ya Juma Kuu. Sitakuficha, siku tatu sikutoka chumbani ila kwa kazi za lazima. Nilikuwa nimekasirika. Nilifumba macho nikajaribu kumweka mama kwenye lile benchi tena, hakukaa. Nilijaribu kumwona mahali pengine popote, mlangoni, jikoni, hakuna. Sina kitu chake. Sasa najua kwamba sina. Nikawaza pia, kama nisingekuandikia, ningekuwa naye bado.

Lakini Ijumaa ilifika, na mizizi ilikuwa inangoja.

Nilifanya kama ulivyosema. Niliosha, nikamenya, nikaloweka. Nilitoka nyuma na kikunio cha bati, nikakaa upande wa kushoto, upepo mgongoni. Nilifunga kitambaa. Hakinuki nywele za mtu, kinanuka sabuni na samaki kidogo. Nilianza kukuna, na siki nikaiweka mbali, mkono usiifikie. Nilitaka kujua ilivyokuwa kwako.

Mama Mdogo, mzizi ule ni mkali! Unapiga hapa juu ya pua, unaingia nyuma ya macho, huwezi hata kufikiri. Nililia mpaka aproni ikalowa. Mahali fulani katikati, sijui kwenye mzizi wa pili au wa tatu, nikajua kwamba sasa si mzizi. Nilikuwa namlilia mama. Sijawahi kumlilia. Ningemliliaje mtu niliyekuwa na uhakika kwamba alirudi?

Ndipo nikasikia kelele barabarani. Mama Czesława amesimama nje ya uzio, mkono kifuani, kapu la mayai limemwanguka.

"Sabina!" anapiga yowe. "Pumzika, dada yangu! Pumzika! Tutakupigia hiyo kengele, lakini niache nipite!"

Unajua mimi ni mtu wa namna gani. Dukani nikitaka sukari huonyesha kidole. Nilikuwa na nafasi ya kuinamisha kichwa, naye angekimbia, na kijiji kingekuwa na habari ya miaka kumi na mitano mingine. Nikasimama. Nikavua kitambaa. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mama Czesława, ni mimi! Ni Bogna!"

"Bogna gani?"

"Bogna wa hapa! Na siku ile nayo hakuwa mama. Alikuwa Mama Mdogo Fela. Alikuwa analia msiba, basi."

Nilimwambia yote pale pale, juu ya uzio, pua inachuruzika. Alisikiliza akiokota mayai yake mazima. Alipomaliza kuokota akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimetoa nia za misa kwa ajili ya Fela, mzima wa afya, anakula samaki Gdynia?"

Nikasema, "Huenda zimemsaidia."

Alinitazama. Akacheka hadi akashika uzio, kisha akalia naye, akasema ni upepo, umemletea chrzan.

Nilipogeuka Babu alikuwa nyuma yangu. Sijui alikuwapo tangu lini. Aliketi kwenye benchi upande wa kulia, ule wa tofali, akachukua kikunio akamalizia mizizi iliyobaki, machozi yanamwingia kwenye masharubu. Siki nikatia mimi. Nilichelewa sana, nakwambia ukweli. Chrzan ya mwaka huu inaweza kuangusha farasi.

Jana asubuhi, kabla ya mayai, tulianza nayo kama desturi. Babu akala kijiko chake, akakohoa, akasema, "Hii sasa ni Pasaka." Nami nikala changu. Kisha akajaza kijiko cha tatu akakiweka juu ya sahani mbele ya kiti kitupu. Nilidhani najua. Nikamwuliza, "Cha mama?"

"Mama yako hali tena," akasema. "Hicho ni cha Fela. Iliyokunwa hupoteza makali kila siku, mwambie asikawie, atakuta majani tu."

Leo, kabla vijana hawajanimwagia maji, nilikwenda kwa padre. Peke yangu. Nilimwomba apigiwe mama kengele yake, ile ambayo hakuipata. Aliuliza maswali machache, kisha akakubali. Itapigwa Jumapili ijayo baada ya misa kubwa.

Umeandika kwamba ulininyang'anya. Nimelifikiria nikiwa pale benchini. Siku ile mama alikuwa ameshakufa, Babu yuko mjini, Bibi amejifunga moyo, na mtoto yule alikuwa na mtu mmoja tu wa kumfuta pua. Mtu huyo alikuwapo kweli. Kumbukumbu yangu haikuwa ya uongo, ilikuwa na jina lisilo lake tu. Nimelibadilisha.

Machipukizi yameshatoka bustanini pale nilipovirudisha vichwa, mekundu na yamekunjika. Sikukata hata kimoja vibaya, njoo uone. Babu anasema haendi kituoni kumpokea mtu yeyote, ana kazi zake. Lakini buti zake nzuri amezipaka mafuta, ziko mlangoni.

Rudi nyumbani, Felicja. Sasa najua namwita nani.

Bogna